Motokaa na Heshima

Mtu akiulizwa kwa nini anunua motokaa, hujibu upesi kwamba ataka kufika mapema. Jibu hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Asubuhi katika njia kubwa za Nairobi, mwenye motokaa na abiria wa matatu hukwama katika msongamano mmoja, na mara nyingi aendaye kwa miguu huwapita wote wawili. Ikiwa motokaa haimfikishi mtu mapema, basi hapana shaka kuna kitu kingine anachokinunua.

Kitu hicho ni heshima, au tuseme sura ya heshima. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliandika kwamba watu hutumia mali si kwa haja tu, bali pia ili wengine waone kwamba wanayo. Afrika ya Mashariki haikungoja kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, palizuka neno "wabenzi", la kuwacheka wakubwa waliojulikana kwa motokaa zao za Mercedes-Benz. Neno lilikuwa la dhihaka, lakini ndani ya dhihaka mlikuwa na tamaa: si wachache waliocheka huku wakitamani.

Si haki kuwalaumu wote. Yuko apelekaye mgonjwa hospitalini, yuko mama aogopaye kuviziwa usiku akingoja matatu, yuko fundi mwenye vyombo vizito. Hao wana haja, na haja haina aibu. Ubaya huanza pale fahari inapovaa nguo za haja. Ndipo mtu huketi peke yake katika chombo cha watu watano, karo ya watoto ikiishia katika petroli, kwa kuogopa tu jirani asimwone akipanda basi.

Wala madhara hayamwishii yeye. Katika Nairobi waendao kwa miguu ni wengi kuliko waendao kwa motokaa zao. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia yenye kilomita 27, toka Mlolongo hata Westlands. Lakini mitaa mingi ya mji huo haina hata kijia cha kando, na mwenye miguu hukanyaga matope huku akikwepa magurudumu. Mji ukidharau mwendo wa miguu, mwisho humdharau mwenye miguu.

Kijana msomaji, huenda siku moja ukawa na fedha za kununua motokaa. Siku hiyo jiulize: kama hapana hata mtu mmoja atakayeniona ndani yake, je, ningeinunua? Ukijibu ndiyo, inunue kwa moyo mweupe. Ukijibu la, fahamu kwamba unalipia macho ya watu. Na macho hayo kesho yatageukia motokaa mpya zaidi.