Je, Kamari ya Bure si Kamari?

Bibi mmoja msomaji wetu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nanyuki, ametuletea suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Mwanawe huenda kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kutazamia mpira wa Uingereza katika televisheni. Mama alipomkanya juu ya kamari, kijana alijibu kuwa yeye hachezi kamari: kamari ni kutia mali yako, na yeye amepewa shilingi 50 bure na kampuni, hata akishindwa hakupoteza kitu. Siku moja akashinda, akanunua sukari na unga akavileta nyumbani. Mama auliza: hoja hii ni sahihi? Na ile sukari je?

Ama kutazama mpira wenyewe hatuna la kumlaumu, maadamu swala haikumpita. Wala hoja yake si ya kudharauliwa, kwani wanavyuoni walipoieleza kamari walisema ni mchezo ambao mtu huuingia akiwa baina ya kupata na kupoteza. Asiyeweza kupoteza ataingiaje katika maelezo hayo?

Basi natutazame kwanza kama ile 50 ni ya bure. Aliyetia 50 zake katika mchezo unaolipa mara 2, akishinda hupewa 100. Aliyetumia 50 za "bure", kwa desturi ya zawadi hizi, hupewa 50 tu, maana ile ya kwanza kampuni hujirudishia. Mara nyingi pia haitolewi ila baada ya kutia fedha yako kwa simu, wala faida yake haitoki mpaka uicheze tena mara kadha wa kadha. Masharti hayo yameandikwa, lakini kwa herufi ndogo, mahali ambapo mwenye haraka hafiki. Neno "bure" ndilo lenye herufi kubwa. Tangu lini Mswahili akatoa kitu bure, kisha akakishika upindo?

Iko na zawadi ya wenye kupanga mechi nyingi pamoja, jambo ambalo siku hizi huitwa mkeka (na kwa kweli yaudhi kusikia jina la kitu tunachoswalia likitumiwa hivyo). Tuseme mechi 5, kila moja ikiwa nusu kwa nusu. Kuzipata zote ni bahati moja katika 32, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa mara 32. Kampuni inayolipa mara 1.86 kwa kila mechi italipa mara 22 na kidogo. Kisha yaongeza sehemu moja katika kumi na kuiita zawadi, yawa mara 24 na nusu. Imekunyima karibu 10, imekurudishia 2, nawe washukuru!

Atasema mtu: lakini kijana alibonyeza "Nakubali", na biashara ni kuridhiana. Huko huko Nanyuki, penye kibao cha Ikweta, wapo wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka katika bakuli lenye tundu. Hatua chache kaskazini yazunguka huku, hatua chache kusini yazunguka kule. Mtalii huona kwa macho yake, hulipa, akapewa na cheti. Ilhali wenye elimu ya maumbile wamebainisha kuwa mzunguko wa dunia hauna nguvu juu ya maji machache kama hayo. Kinachoyazungusha ni mkono wa mwenye kumimina. Mtalii ameridhika, naam, lakini ameridhia kitu kisichokuwapo. Sheria yetu humpa mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa haki ya kuirudisha. Mwenye kubeti atarudisha nini?

Sharti lililo wazi ni jambo jingine. Mwenye ukumbi, ikiwa king'amuzi amekilipia kwa bei ya nyumbani naye ajua kuwa hakuruhusiwa kutoza watu kiingilio, huyo hana pa kujitetea.

Sasa tumpe kijana lake lote, tuseme ile 50 ni ya bure kabisa. Aya ya Suratul Maida haikutaja hasara ya mali kuwa ndiyo sababu ya kukatazwa kamari. Imetaja uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Hayo hayangoji mtu atoe senti. Na mvuvi hampi samaki chambo kwa kumwonea huruma. 50 ya leo hutolewa ili kesho kijana atoe 500 zake. Serikali ya Kenya yenyewe, tarehe 29 Aprili 2025, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na haikuyasimamisha kwa kuwa ni sadaka. Tena mwambie mwanao, bibi, ajichunguze ukumbini: je, bado atazama mpira, au atazama simu yake na kuhesabu mabao ya timu asizozijua hata jina?

Ama sukari na unga, vilivyoliwa vimekwisha, nawe hukujua. Fedha iliyobaki katika simu asiitumie wala asiirudishe mchezoni. Wanavyuoni wengi wasema mali kama hiyo apewe maskini, pasi na mtoaji kuihesabu kuwa ni sadaka yake. Na aombe kampuni ifunge akaunti yake kabla ya Jumamosi ijayo.