TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: NANI ATAMWAMBIA KUMEKUCHA?



Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Ushirika na popote mlipo, habari za funga? Alhamdulillah, leo ni siku ya 12. Alfajiri hii wengi wetu tulikuwa jikoni na baridi yetu ya Rungwe, kikombe cha chai mkononi, sikio likisubiri adhana. Leo tuanzie hapo hapo, kwenye adhana ya alfajiri.

Zama za Mtume (s.a.w.) pale Madina, Bilal (r.a.) alikuwa akiadhini usiku haujaisha. Mtume akawafundisha watu kwamba adhana ya Bilal isiwazuie kula, waendelee mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim. Na huyu Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa haoni.

Hebu tulia hapo kidogo. Kazi ya kutangaza mwanga wa alfajiri amepewa mtu asiyeuona mwanga wenyewe. Mji mzima unaacha kula kwa sauti yake. Sasa alijuaje kama alfajiri imeingia? Hadithi yenyewe inaeleza: alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Basi, ni hilo tu. Kulikuwa na mtu wa kumwambia.

Mtume hakusema, "Huyu haoni, tumtafutie kona akae, tumletee futari." Wala hakuna aliyepanda kuadhini kwa niaba yake. Alichokikosa ni kuona, na hicho kikajazwa na mwenzake. Sauti yake, uaminifu wake na elimu yake vikatumika. Ndugu zangu, kumsaidia mtoto mwenye ulemavu darasani ni hivyo hivyo, iwe shuleni au madrasa. Unamwambia kumekucha, kisha unamwachia aadhini mwenyewe.

Na Ibn Umm Maktum ndiye ambaye Sura Abasa, sura ya 80, ilishuka kwa ajili yake. Alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Mtume akakunja uso na kugeuka. Haikuwa dharau. Alikuwa na shughuli kubwa ya dini. Lakini Allah alimkosoa, na aya zile tunazisoma hadi leo. Tazama uzito wake: aliyekuja alikuwa mwanafunzi mwenye ulemavu, na alichokuja kutaka ni kusoma. Baada ya hapo Mtume alimheshimu sana, na zaidi ya mara moja alimwacha Madina kama naibu wake aliposafiri.

Sasa niseme langu, maana nisingependa kuwanyooshea vidole wengine.

Miaka michache iliyopita, katika darasa la madrasa nililokuwa nafundisha, aliletwa mtoto wa kiume mwenye ualbino. Nilijiona mwalimu mwema. Nikamkalisha dirishani, kwenye mwanga mzuri, ili aone ubao vizuri. Siku zikaenda. Wenzake wanasoma alifu, bee, tee kwenye ubao, yeye anaangalia chini na amekunja uso. Nikimwita asome, kimya. Nikadhani ni kiburi. Siku moja mama yake alipokuja kumchukua nikamwambia, "Mama, mtoto huyu hana bidii. Kaa naye nyumbani kwanza, akikua kidogo utamrudisha."

Yule mama hakubishana. Alisema tu, "Sawa Ustadhi," akamshika mtoto mkono wakaondoka na mvua ile.

Baadaye, kwa mazungumzo na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu, ndipo nikafahamu nilichofanya. Sisi wengi tunajua ualbino ni habari ya ngozi. Kumbe ni habari ya macho pia. Karibu kila mwenye ualbino ana uoni hafifu, na mwanga mkali unamuumiza. Miwani humsaidia kiasi tu, haimalizi tatizo. Yaani kiti kile cha dirishani nilichompa kwa wema ndicho kilichokuwa kinamfunga macho. Alikunja uso kwa sababu ya jua. Mimi nikakunja uso kwa sababu yake.

Nilipowatafuta nyumbani, mama alinipokea kwa adabu, akanipa kigoda, akaniambia, "Ustadhi, huyu anasoma kila siku. Anamsikiliza dada yake." Mtoto akanisomea Amma kuanzia Annaas kurudi juu, sura baada ya sura, kwa kusikiliza tu. Nilikosa pa kuweka uso wangu. Nikaomba radhi kwa mama, nikaomba radhi kwa mtoto. Alirudi. Akakaa mbele, upande wa ukuta, kofia kichwani, na dada yake pembeni. Lakini ile miezi aliyokaa nyumbani siwezi kumrudishia, na nitaulizwa.

Ndugu zangu, kuwa na msaidizi si aibu wala si udhaifu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alikuwa na uzito katika ulimi wake. Katika Sura Taha, aya ya 25 mpaka 32, anamwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi na ampe ndugu yake Harun wa kumtia nguvu. Akapewa ombi lake, na Harun akaenda naye kwa Firauni. Mtume mkubwa namna ile alikwenda na msaidizi. Wewe mwalimu unashindwaje kumruhusu mtoto akae na Harun wake darasani?

Na kwa wale wanaosoma Qur'ani kwa kukwamakwama, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayesoma kwa tabu ana malipo mawili. Sasa jamani, mtoto anayelipwa mara mbili na Allah, sisi tunamchapa? Wenzake wanamcheka na mwalimu yupo?

Tuje kwenye matendo. Mengi hayahitaji hela:

1. *Mwenye uoni hafifu au ualbino:* mkalishe mbele, mbali na mwanga wa dirisha. Andika herufi kubwa, na kila unachoandika kisome kwa sauti. Mruhusu asogelee ubao au asogeze kitabu karibu na jicho. Kofia na mikono mirefu asivuliwe kwa sababu ya sare.

2. *Asiyeona kabisa:* mpe nafasi ya kusikia na kugusa. Nukta nundu ipo, na misahafu ya nukta nundu ipo. Mtajie jina lako unapomsogelea, na usimvute mkono. Mwache akushike yeye.

3. *Kiziwi au mwenye usikivu hafifu:* usizungumze ukiwa umeugeukia ubao. Mtazame, aone mdomo wako na mikono yako. Jifunzeni alama za lugha ya alama, mwalimu pamoja na darasa zima, hata tano kwa wiki. Kupiga kelele hakumsaidii.

4. *Mwenye ulemavu wa viungo:* milima yetu na utelezi wa masika mnaujua. Hamisha darasa lake chini badala ya kumpandisha ngazi. Mbao mbili na saruji kidogo vinatosha njia ya kupita. Na chooni anaingiaje? Uliza, maana kuna watoto wanashinda bila kunywa maji kwa kuogopa choo, na si kwa sababu ya funga.

5. *Mwenye kigugumizi:* mvumilie, usimmalizie maneno.

6. *Mwenye ulemavu wa akili au usonji:* mpe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, kisha rudia. Mfuatano wa siku usibadilishwe ghafla. Leo akishika aya moja, hiyo ndiyo khitma yake ya leo.

7. *Kabla hujamwita mtoto mkaidi au mzito,* mwambie mzazi ampeleke hospitali apimwe macho na masikio. Wangapi wamechapwa kwa kosa la kutosikia!

Wazazi nao. Kuna watoto bado wanafichwa ndani, mgeni akija wanapelekwa chumba cha nyuma. Mtoto ni amana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wengine, na kabla ya sheria hiyo Allah alishampa haki. Serikali inafundisha walimu wa elimu maalumu pale Chuo cha Patandi, Arusha. Na hapa kwetu Shule ya Msingi Katumba II inasomesha watoto wenye mahitaji maalumu. Usiseme hujui pa kuanzia. Anza kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, muulize.

Jambo la mwisho ni zito kidogo, mnivumilie. Ramadhani ikifika tunachanga sukari, mchele na sabuni, tunawapelekea watoto wenye ulemavu, tunapiga picha, tunarudi. Sadaka ni njema, Allah aikubali, tuendelee kutoa. Lakini mtoto huyo huyo akija madrasa yetu Shawwal, ana pa kukaa? Tumekwenda kwao na mchele, wao wakija kwetu kutaka elimu tunakunja uso? Ibn Umm Maktum hakuja kuomba chakula. Alikuja kuomba afundishwe.

*Kazi ya leo:* fikiria mtoto mmoja mwenye ulemavu kwenye mtaa wako ambaye hayupo madrasa au shuleni. Kabla ya magharibi, nenda kwao. Usiende na kamera. Kaa na mzazi, uliza: "Nini kinamzuia?" Kisha ondoa kitu kimoja tu katika hivyo alivyokutajia. Na kesho alfajiri ukisikia adhana ukaweka kikombe chini, mkumbuke yule aliyeadhini Madina bila kuona, na mkumbuke yule ambaye hatukutajiwa jina lake, aliyemwambia kumekucha.

Ewe Mola wetu, tusamehe kila mtoto tuliyemkunjia uso akiwa anataka kujifunza. Wape wazazi wao subira na nguvu. Tujaalie tuwe akina Harun kwa ndugu zetu. Takabali funga zetu na visimamo vyetu. Aamin.

Mfikishie mwalimu mmoja unayemfahamu. Kesho in shaa Allah, siku ya 13.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.