Mshipi na Uhuru

Uhuru ni neno tamu. Kifungo ni neno chungu. Kwa sababu hii wengi hudhani kwamba kila kifungacho ni adui wa mtu. Dhana hii yafaa kupimwa, na kipimo chema ni mshipi wa Wajapani uitwao obi.

Kimono, vazi la asili la Japani, halina vifungo. Upande wa kushoto hulazwa juu ya upande wa kulia, kisha mshipi hulifunga kiunoni. Pasipo mshipi vazi lote hufunuka, na mvaaji hawezi kutembea kwa heshima. Basi hapa kifungo hakimnyimi mtu uhuru. Ndicho kimpacho uhuru wa kwenda atakako. Ndivyo ilivyo ahadi katika urafiki, na ndivyo ilivyo sheria katika nchi.

Lakini mshipi huo una habari nyingine. Hapo kale ulikuwa mwembamba, na kazi yake ilikuwa kufunga tu. Katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, mshipi wa wanawake ulizidi kupanuka na kurefuka. Ule wa sherehe leo una upana wa kadiri ya sentimita 30, na urefu wake hupita mita 4. Iliyo mashuhuri hufumwa kwa hariri na nyuzi za dhahabu huko Nishijin, mjini Kyoto. Uzuri wake hauna shaka. Hata hivyo, mshipi wenyewe sasa huhitaji kamba ya kuushika, na mara nyingi mvaaji huhitaji mtu wa kumfunga. Mtumishi amekuwa bwana.

Mila nyingi hupita njia hii. Huanza kwa haja, hukua kwa mapambo, na mwisho watu husahau haja wakatumikia mapambo. Je, zitupwe? Wajapani wengi siku hizi huvaa nguo za kimagharibi, lakini mshipi hawakuutupa. Ule mpana wameuwekea arusi na sherehe ya kuingia utu uzima. Ule wa nusu upana huufunga juu ya yukata, vazi jepesi la siku za joto. Kila mmoja una mahali pake.

Kijana akutanaye na mila asiulize kwanza kama yabana, maana kila mshipi hubana. Na aulize: yashika nini? Ikiwa kuna jambo jema ambalo lingeanguka bila hiyo, na ifungwe imara. Ikiwa haishiki kitu, ila yenyewe ndiyo ishikwayo, si aibu kuilegeza. Aibu ni kufunga bila kujua sababu, na kufungua bila kujua kitakachoanguka.