Ramadhani 17: Albamu ya mama na picha iliyokatwa



Ndugu zangu, mama zetu na dada zetu mnaotusoma baada ya daku, leo tumo siku ya 17. Siku kama ya leo, mwaka wa pili wa Hijra, ilikuwa Badr. Vita vyenyewe tumevieleza jana usiku baada ya tarawehe, na aliyesinzia ajue mwenyewe. Leo nataka jambo dogo lililotokea vita vilipokwisha, kwa sababu limenigusa mwaka huu kuliko miaka yote niliyolisoma.

Waislamu walirudi Madina na mateka kiasi cha watu 70. Watu wa Makka wakaanza kuleta fidia za kuwakomboa jamaa zao. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-Aas bin Rabii, mume wa Bi Zaynab, binti wa Mtume (s.a.w.). Abul-Aas alikuwa hajasilimu bado, na Bi Zaynab alikuwa bado yuko Makka. Basi akatuma fidia ya mumewe, na ndani ya fidia ile akatia mkufu. Mkufu wenyewe alipewa na mama yake, Bi Khadija (r.a.), siku alipoingia nyumba ya mumewe.

Mtume (s.a.w.) alipouona aliutambua. Bi Khadija alikwishafariki, imepita miaka kama mitano. Wapokezi wanasema aliingiwa na huruma kubwa sana, akawaambia masahaba kwamba wakiona inafaa wamwachie mateka wa Zaynab na wamrudishie mali yake. Wakakubali kwa moyo safi.

Hebu tulieni hapo kidogo. Huyu ni amiri wa jeshi, ametoka vitani, ana kazi ya umma mzima mbele yake. Kinawekwa mkononi mwake kitu cha marehemu mkewe, na moyo unalainika mbele za watu. Hakuficha, na hakuna sahaba aliyeona ni udhaifu. Basi ukimwona mtu mzima kashika picha ya mamake anafuta machozi, usimwambie ajikaze.

Sasa niingie kwangu mimi.

Mama yangu, Allah amrehemu, alikuwa na mchezo wake mmoja, kama mwengine anavyopenda kushona kofia au kupanda mawaridi. Mama alipenda albamu. Kila mwaka Shaabani, kabla pilikapilika za kuanika mchele na kutwanga viungo hazijaanza, alikuwa akitoa albamu zake nne kabatini, anatandika mkeka, na kazi inaanza. Nani kaoa, nani kazaa, nani katangulia mbele ya haki. Picha za mwaka mzima alikuwa akiziweka kwenye kopo la biskuti zikisubiri siku yake. Za zamani ni zile ndogo nyeusi na nyeupe zenye kingo za mawimbi, watu wamesimama wima kama wanahesabiwa, hakuna anayecheka. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli: huyu ni fulani bin fulani, mtoto wa fulani, siku ya Idi, mwaka fulani. Kama hakumjua mtu alikuwa hakai na jambo hilo. Anavaa buibui anakwenda kuuliza kwa wazee, na akifika anakaa, anakunywa kahawa, anajua nani mgonjwa, nani ana dhiki. Sisi watoto tukimcheka. Tukisema mama kazi yake kuhesabu watu.

Nilipokuja kusoma ndiyo nikaelewa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu, na hadithi hiyo imo kwa Tirmidhi. Elimu ya nasaba iliyoamrishwa ni ile ya kukufikisha mlangoni kwa mtu. Ya kujifaharisha, kwamba sisi kina nani tumetoka wapi, hiyo imekatazwa. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiandika mazazi ya watoto kwenye kurasa za mwisho za msahafu au kitabu cha nyumba, siku, mwezi na saa. Mama yeye alikuwa na albamu.

Mama kafa miaka minane sasa. Albamu zikaja kwangu kwa kuwa nyumba niliyobaki nayo ni mimi. Na katika miaka minane sikutia hata picha moja. Simu yangu ina picha zaidi ya elfu tatu, na ukiniuliza ya harusi ya mpwa wangu iko wapi, nitaitafuta mpaka futari ipoe.

Shaabani iliyopita nikaona aibu. Nikazitoa. Nikatandika mkeka uleule.

Katika albamu ya pili nikaikuta picha ya siku ya Idi. Baba na ndugu zake wamesimama barazani kwa babu, wamevaa kanzu. Walikuwa wanaume wanne. Kwenye picha wako watatu. Wa nne amekatwa kwa mkasi kuanzia kichwani mpaka miguuni, na umebaki mkono wake tu uko juu ya bega la baba.

Nilijua ni nani. Ni ami yangu, wa pili kuzaliwa. Yeye na baba walihasimiana kwa ajili ya nyumba ya babu, na toka nikiwa mdogo nilijua jina lake halitajwi pale nyumbani. Sikujua kwamba baba alifika kushika mkasi. Nikaigeuza picha. Mama kaandika nyuma majina manne yote, kwa utulivu, na la ami limo. Nilipoitoa kwenye mfuko wake wa plastiki, kikaanguka kipande. Ni kile kilichokatwa. Mama alikiokota, akakihifadhi nyuma ya picha ileile, na kwa umri wake wote hakutuambia.

Ndugu zangu, miye ndiye ninayesimama kwenye mimbari kukusomeeni hadithi kwamba mkata udugu haingii Peponi. Imo Bukhari na Muslim, naisoma kila mwaka, na naisoma kwa sauti kubwa. Na ami yangu alikufa miaka minne nyuma, nikaona habari kwenye status ya mtu, nikasema inna lillaahi, nikaendelea na shughuli zangu. Sikwenda kuzika. Nilijiambia ugomvi ule ni wao wazee, mimi haunihusu.

Lakini ulinihusu, kwa sababu nyumba ile ndiyo ninayolala.

Niseme wazi, maana Ramadhani si mwezi wa kuzungukazunguka. Babu aliacha wanaume wanne na binti mmoja, bibi alikwishatangulia. Kwa hesabu aliyotupa Allah katika Surat An-Nisaa, mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja. Ni mafungu tisa. Ami zangu wengine wawili walimsamehe baba mafungu yao kwa ridhaa, na mashahidi wapo. Yule aliyekatwa kwenye picha mafungu yake mawili hakupewa, na hakusamehe. Na shangazi, ambaye kwenye picha ile hayumo kabisa kwa kuwa ilikuwa picha ya wanaume, fungu lake moja hakuna aliyewahi hata kumtajia. Yeye hakukatwa. Yeye hakuwekwa toka mwanzo. Shangazi yuko hai, ana miaka themanini na kitu, na kila Ramadhani huniletea kaimati.

Nilikaa siku mbili na jambo hili. Siku ya tatu nikamtafuta binti wa ami. Nambari niliipata kwa shangazi. Yeye anakaa Maskati na mumewe, kama walivyo jamaa wengi wa visiwani. Nilipojitaja alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kaka, leo umekumbuka?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndiyo, leo. Nikamweleza habari ya picha. Akanambia picha hiyohiyo na wao wanayo, nzima, baba yake aliitundika chumbani mpaka siku anakufa. Pamoja na mkono ule juu ya bega la ndugu yake.

Jioni ile akanitumia kwa simu. Nimeisafisha karatasi, nimeiweka kwenye albamu, pembeni ya ile iliyokatwa. Iliyokatwa sikuitoa. Kipande nacho nimekirudisha pale mama alipokiweka.

Mafungu bado. Tumekubaliana baada ya Idi tukae kwa kadhi, nyumba ithaminiwe, tupigiwe hesabu ya mirathi, na kila mwenye haki apewe au asamehe kwa hiari yake, si kwa kuonewa haya. Inawezekana nyumba ikabidi iuzwe. Mke wangu nimemwambia, watoto nimewaambia. Nawaambieni na nyinyi ili nisipate pa kurudi nyuma.

Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) akauliza kama kumebaki wema wowote wa kuwafanyia wazazi baada ya kufa kwao. Akajibiwa kwamba ndiyo: kuwaombea dua na maghfira, kutekeleza ahadi zao, kuunga udugu ambao huungwi ila kwa sababu yao, na kuwakirimu rafiki zao. Hadithi iko kwa Abu Daud. Sasa niambieni, utamkirimuje rafiki wa baba ikiwa humjui? Ibn Umar (r.a.) alikutana njiani na bedui, akamshusha punda wake akampa ampande, na kilemba cha kichwani akamvika. Wenzake wakastaajabu, wakamwambia mabedui kidogo tu kinawatosha. Akawaambia baba wa mtu yule alikuwa kipenzi cha Umar. Ibn Umar alimjua mtu yule ni mtoto wa nani. Watoto wetu wangempita na bodaboda wakamtimulia vumbi.

Najua wapo watakaouliza habari ya picha zenyewe. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu picha za kamera, na sitaifungua mlango hiyo leo saa hizi. Mwenye kushika kauli ya kujizuia, daftari linamtosha: majina, nasaba, tarehe, na wapi kila mmoja amezikwa. Mwenye kuweka picha, aangalie mambo mawili. Kwanza, mama zetu na dada zetu walipiga picha za ndani wakiwa hawana mtandio, wakijua zitabaki kabatini. Hizo ni amana. Usizipige kwa simu ukazirusha kwenye grupu la ukoo lenye watu 200, nusu yao si maharimu. Pili, wafu hatuwatundiki tukawafanyia mambo. Tunawaombea dua.

Na kwa wale ambao wamekwishaanza kutafuta kopo la biskuti, niwape niliyojifunza kwa makosa. Andika nyuma kwa penseli laini, taratibu, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino ukiikandamiza inatokeza mbele, na wino huhamia picha ya jirani. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kubandua zinaharibu, gundi inageuka manjano na picha inanasa. Ikiwa imeshanasa usiivute. Ipige kwanza kwa simu hapohapo ilipo, ndipo ujaribu. Na huku kwetu pwani adui ni unyevu na mchwa, kwa hiyo albamu isikae chini wala isiegemee ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya masika. Za kwenye simu, chagua chache kila mwaka ukazisafishe karatasi. Simu huibiwa, simu huanguka chooni, na ikienda inakwenda na watu wote.

Lakini kabla ya hayo yote, kaa na mzee. Mwaka huu, si mwakani. Mchukulie albamu baada ya futari, akishapata uji wake, umuulize huyu nani, na huyu nani, na kwa nini huyu simjui. Shangazi nilikaa naye usiku wa juzi. Picha 14 ambazo mama hakuzimalizia, kanitajia watu wote isipokuwa wawili. Habari ya fungu lake nimemwambia usiku huohuo. Alinitazama, akasema: "Mwanangu, mimi nilidhani wanawake hatumo." Mtu anayeswali miaka 70, anaisikia An-Nisaa ikisomwa, na sisi wasomi wa ukoo tumemwacha adhani hivyo.

Ewe Mola wetu, wasamehe baba zetu na ami zetu, uwatoe chuki iliyokuwamo vifuani mwao, na usitufanye sisi warithi wa ugomvi wao. Mrehemu mama yangu na kila mama aliyehifadhi kilichokatwa. Aamin.

Tangazo dogo: kamati inatafuta picha za msikiti wetu wa zamani, kabla haujabomolewa kujengwa huu, khasa zenye sura za wazee waliokuwa wakisimamia kisima. Mwenye nayo aje nayo kesho baada ya Alasiri. Nitaipiga kwa simu na kumrudishia mkononi hapohapo. Na tafadhali, aje na anayewajua majina.