Kunyamaza kwa Muuzaji

Mwaka 1951, kiwanda cha Westfalia huko Ujerumani kilianza kutia vitanda na makabati ndani ya gari dogo la Volkswagen, likawa nyumba ya safarini. Magari ya zamani ya namna hiyo yangali yanatunzwa na kuuzwa hata leo. Basi twauliza: mwenye gari aliyefunika kutu kwa rangi mpya, naye mnunuzi asiulize neno, je, ana kosa?

Wengine hujitetea: “Sikusema uongo, nilinyamaza tu. Mnunuzi ana macho.” Kweli, mnunuzi hana budi kukagua. Lakini jicho halipenyi rangi, na rangi ile yenyewe imekwisha kusema: imetangaza uzima usiokuwapo.

Tena si jambo la fedha tu. Injini ya gari hilo i nyuma. Mpira wa kupitishia petroli ukichakaa hupasuka, petroli ikaidondokea injini yenye moto, na gari laweza kuwaka njiani, watoto wamo ndani.

Aliyelitunza gari kuukuu miaka mingi aujua kila udhaifu wake. Akiusema, huenda bei ikapungua. Hata hivyo yampasa kuukabidhi ujuzi huo pamoja na ufunguo.