Umeshaungama. Na Kiti Je?



Kijana mwenzangu, leo naomba nikusimulie habari ya mkono wa kulazia kiti cha gari. Ndiyo, kile kimkono cha plastiki pembeni ya kiti, unakivuta ndipo kiti kilale. Usicheke kwanza.

Baba mdogo aliniazima gari nipeleke spika za kwaya parokia ya jirani. Spika hazikuenea, nikataka kulaza kiti cha mbele cha abiria. Kikagoma. Badala ya kushuka niangalie kimezuiwa na nini, nikaukanyaga ule mkono kwa mguu. Ka! Ukabaki kwenye kiatu.

Nilifanya nini? Nikanunua gundi, nikaubandika vizuri, nikafuta vumbi, nikarudisha gari nikiwa na tabasamu. "Ahsante sana baba mdogo, Mungu akubariki." Nikajikausha.

Wiki mbili baadaye mama akafanyiwa operesheni ya tumbo. Siku ya kuruhusiwa, baba mdogo akaja kutuchukua Moshi kumrudisha nyumbani Same, kama kilomita 100. Akamketisha mama mbele, akainama mlangoni amlazie kiti. Mkono ukatoka, akabaki nao mkononi. Akauangalia, akamwangalia mama, akasema, "Nisamehe shemeji, nimeharibu kiti."

Mimi nilikuwa nyuma, nimepakata mfuko wa dawa. Sikusema kitu. Mama alikaa wima njia nzima, ameshikilia kanga tumboni, na kila tuta alifumba macho. Na kila tuta baba mdogo alisema, "Pole shemeji."

Jumamosi nikaenda kwenye Kitubio. Nikaungama yote, hadi ile gundi. Padre alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na kiti je, bado kimevunjika?" Nikasema ndiyo, Padre. Malipizi yangu yakawa mawili: kamwambie baba yako mdogo ukweli, halafu katengeneze kiti.

Kiukweli, nilitamani anipe Rozari tatu.

Vijana wengi hapa ndipo tunapokwama. Tunafikiri tukishatoka kitubioni mambo yamekwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatufundisha kwamba maondoleo yanafuta dhambi, lakini madhara yote yaliyoachwa na dhambi hayajirekebishi yenyewe. Uliyemwibia bado hana simu yake. Uliyemchafulia jina bado anasemwa mtaani. Umesamehewa kabisa, na bado una kazi ya kufanya.

Lakini usiigeuze ikawa biashara. Mtazame Zakayo, Luka 19:1-10. Yesu hakumwambia "lipa kwanza, ndipo nije kwako". Alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, akaingia nyumbani kwake. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Malipizi hayanunui huruma. Ni huruma ikishaingia ndani ya nyumba, mikono inaanza kufanya kazi.

Basi nikaenda. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mkono wa kiti si kitu. Ila siku zote hizi nilijua mimi ndiye niliyemtesa mama yako." Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimevunja.

Tukatafuta mkono mwingine kwenye maduka ya spea. Fundi akaniambia nifanye mwenyewe, yeye ananiangalia. Kwanza akachomoa waya wa betri na kunisubirisha, kwa sababu viti vingine vina eabegi ubavuni, na waya zake, mara nyingi za njano, haziguswi ovyo. Tukafungua skrubu, tukavuta kava ya pembeni. Ndani nikaona chuma chenye meno, kizima kabisa. Kiti hakikuwa kimekufa. Kilichokatika ni plastiki ya kukishikia. Gundi yangu isingeweza kudumu, maana nguvu yote ya kuvuta inaangukia palepale ilipokatika.

Mkono mpya lazima ukae sawasawa kwenye meno, kisha ufungwe. Kabla ya kurudisha kava fundi akanikalisha: laza, inua, achia, sukuma kwa mgongo. "Kiti kisichojifunga ni hatari kuliko kisicholala," akasema. "Siku ya breki ya ghafla utakijua."

Kijana mwenzangu, alama ya Ubatizo ndani yako ni kama kile chuma. Alama ya Kristo haifutiki. Usijione umeharibika wote. Lakini pia usibandike gundi. "Samahani kama nimekukwaza" kwenye meseji, wakati unajua kabisa umemkwaza, hiyo ni gundi. Kumpostia mama picha nzuri siku yake ya kuzaliwa wakati hela yake ya ada uliibeti, hiyo nayo ni gundi. Itashika hadi siku mtu atakapohitaji kuvuta.

Leo usiku, kabla ya kulala, jiulize:
Ni kitu gani nimekiungama lakini bado kimevunjika?
Nani anabeba lawama yangu akidhani ni yake?
Wiki hii nitaanza kwa nani?

Tusali. Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo, ingia na kwangu. Nipe ujasiri wa kusema "ni mimi", na mikono ya kutengeneza nilichoharibu. Wafariji walioumia kwa sababu yangu. Amina.

Mama amepona, namshukuru Mungu. Jumapili iliyopita alikaa mbele, akavuta mkono mwenyewe, akalala hadi Same.