Pizza Bustanini: Sehemu au Makombo?



Siku hizi baada ya ibada ya pili, familia nyingi za kanisa letu haziendi nyumbani moja kwa moja. Wanapitia mjini, wananunua pizza mbili za kubeba, wanatandika leso kwenye nyasi pale Nandi Gardens, au wakiwa na gari wanasonga hadi msitu wa Kaptagat. Watoto wanavua viatu na mama anapumzishwa sufuria Jumapili moja. Mimi ni mmoja wao. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, kwa hivyo pizza inapoa haraka na mvua ya alasiri haipigi hodi, lakini tunaipenda hivyo hivyo.

Dada mmoja katika ushirika wetu wa nyumbani ameuliza swali ambalo limekataa kunitoka: je, ni haki Mkristo kukaa mahali pa wazi akila chakula cha elfu moja na zaidi, huku watoto wa mtaani wamesimama hatua kumi wakihesabu vipande?

Ndugu mwingine akajibu upesi: basi kuleni ndani ya gari, madirisha juu. Akafungua 1 Wakorintho 11, pale Paulo anapowauliza Wakorintho kama hawana nyumba za kulia. Lakini tusome mpaka mwisho. Kilichomuudhi Paulo ni kwamba wenye chakula walitangulia kula, na wasio nacho wakabaki na njaa na aibu. Agizo lake katika mstari wa 33 ni wangojane. Nyumbani ni kwa yule ambaye njaa imemshinda kungoja. Tena tuseme ukweli, dirisha la gari linasaidia macho yetu tu. Yule mtoto alikuwa na njaa kabla hatujafika.

Na kuna jambo lingine. Kwangu nikifunga geti, anayebisha ni mgeni. Pale bustanini mambo ni tofauti. Hizo nyasi ni za watu wote wa mji huu, tangu ulipokuwa ukiitwa 64 tu hadi ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Sisi tunakaa pale saa mbili kwa wiki. Yeye anashinda pale kutwa. Kama kuna mgeni, ni mwenye leso.

Sasa, sikubaliani na wanaosema furaha yenyewe ndiyo kosa. Katika Nehemia 8 watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanalia kwa kusikia Torati. Wanaambiwa waache kulia, waende wale vinono na wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Karamu na sehemu ya asiye nacho vimo katika agizo moja.

Angalia neno hilo, sehemu. Makombo ni kitu kingine. Makombo ndiyo Lazaro alikuwa akiyatamani pale mlangoni kwa tajiri, katika Luka 16. Makombo hujulikana mwisho, ukishashiba. Sehemu hutengwa mwanzo, kama mkulima wa Mambo ya Walawi 19 ambaye hakuvuna pembe za shamba lake. Hakungoja aone ghala limejaa kiasi gani.

Nafikiri pizza inatujaribu hapa kuliko chakula chetu cha kawaida. Ugali hauna idadi. Mtu akikukuta mezani unasema karibu, unasogea, kila mmoja anamega kidogo, na hakuna anayejua amepungukiwa na nini. Pizza inakuja imekatwa, vipande vinane, na kila mtoto ameshajua viwili vyake. Ukimkaribisha mtu, kuna jina linalokatwa kwenye orodha! Ajabu ni kwamba huko Naples, Italia, pizza ilikuwa chakula cha maskini, kikiuzwa barabarani.

Mwezi uliopita kijana wa kama miaka kumi alisimama karibu nasi. Kitinda mimba wangu akauliza kwa sauti, "Baba, huyu mbona hajaambiwa karibu?" Nikamwita. Akaangalia boksi zote mbili, akauliza, "Iko ile ya nyama?" Jirani yetu kwenye nyasi akacheka kwa hasira, "Heh! Na anachagua!"

Nimelifikiria sana neno lile. Watoto wangu walichagua dukani na hakuna aliyeshangaa. Kumbe tunavumilia maskini ale, lakini hatuvumilii apende kitu. Tunayempa makombo hatumuulizi anapenda nini. Mgeni huulizwa.

Najua hoja ya upande ule. "Unawazoesha mtaa." "Wanataka pesa ya gundi." Ya pesa nakubali, mimi siwapi pesa. Lakini kipande cha pizza hakinunui gundi. Na ni kweli pia kwamba kipande hakimrudishi mtoto nyumbani. Hiyo ni kazi ya miaka, na mjini kwetu kuna wanaoifanya, Tumaini wakiwa miongoni mwao. Mwenye uwezo awachangie kila mwezi. Ila kumwambia mtoto aliyesimama mbele yako kwamba umeshatoa kwingine, hapo sijui Yakobo angetuambia nini, maana katika sura ya 2 tayari amemshangaa anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe.

Hoja iliyonishinda kidogo ni ya hesabu. Ukimwita mmoja, wanakuja kumi. Vipande vinane, watu kumi na watano. Hapo sina jibu la kiroho, nina la boksi tu: sehemu lazima inunuliwe tangu dukani, kwa sababu ukingoja ufike kwenye nyasi ndipo uanze kuhesabu, utatoa maganda ya pembeni.

Ushirika wetu unatoka Jumapili ijayo, mvua ikituruhusu. Familia nne, boksi tano. Mzee mmoja akauliza hiyo ya tano italipwa na nani. Tumekubaliana iingie kwenye mchango pamoja na zile nne, na iwe ya nyama.